Adhana ya Magharibi imewahi kukukuta wapi?

Mtongwe Juu (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum. Na wasiofunga, habari za jioni.

Kazi yangu iko mjini, karibu na Mwembe Tayari. Nyumba iko Likoni. Anayeijua njia hiyo hana haja ya kuelezwa zaidi. Hesabu yangu ni hii: natoka saa 11 na nusu, matatu mpaka feri dakika 20, kungoja na kuvuka dakika 20, kupanda ule mlima dakika 10. Magharibi siku hizi inaingia kama saa 12 na dakika 40. Kwa hesabu ya karatasi nafika na muda wa kutawadha ninao. Kwa hesabu ya Mombasa, leo ni siku ya 9 na nyumbani nimefungulia mara 2.

Jana feri ilikuwa katikati ya mkondo. Adhana ikaanza upande wa kisiwani, na kabla muadhini hajamaliza shahada, upande wa Likoni nao wakaanza. Sisi tuko kati, tunaitwa huku na huku. Mkononi sina kitu, chupa yangu ya maji nimeisahau juu ya meza kazini. Nyinyi mnaijua feri ya jioni: muuza karanga, mhubiri, watoto wa shule, watu wanagombana kwenye simu. Yote ikanyamaza. Nikawa nasikia vifuniko vya chupa tu, krr, krr, na karatasi zikifunguliwa.

Pembeni yangu mama mmoja wa makamo, ndoo ya samaki miguuni, alikuwa na tende moja. Akaipasua kwa kidole gumba, akatoa kokwa, nusu akatia kinywani, nusu akaninyooshea bila hata kunitazama. "Shika mwanangu, ndo ya mwisho." Sikumjibu, nilikuwa naleta dua. Nilipomaliza, mlango umeshashuka na watu wamemwagika. Ahsante yangu nimebaki nayo.

Sasa swali. Wewe adhana ya Magharibi imewahi kukukuta wapi? Mezani nyumbani na sambusa mbele hatutaki, hizo tunazijua.

tuktuk ya njano

Waaleikum salaam. Mimi kila siku ni barabarani tu yakhe, hata nikisema leo nitawahi. Kuanzia saa 11 na nusu Daraja la Nyali halitazamiki. Kila mtu amefunga, kila mtu ana njaa, kila mtu anadhani yeye ndiye ana haraka zaidi. Mwezi huu matusi yamepungua kidogo lakini honi zimeongezeka, sijui hiyo ndiyo tafsiri ya kuzuia ulimi.

Lakini kuna wale vijana wanaosimama kando ya barabara na makatoni ya maji na tende, wanawatilia wenye magari dirishani. Hawaulizi dini, hawaulizi kama umefunga. Juzi kutoka Buxton mpaka nilipofika nilipokuwa naenda nilipewa vifurushi 4. Abiria wangu, bibi mmoja, akaniambia rudisha vitatu, wenzio hawajapata. Nikaona haya. Nikavigawa kwa tuktuk za nyuma.

Nilichojifunza: adhana ikikukuta kwenye foleni, futari ni tende 3 na maji, na tumbo linashukuru. Siku ninazowahi nyumbani nikala mbaazi, mahamri, viazi karai na kaimati kwa pamoja, taraweh naiswali nikiwa kama gunia.

Fundi Simu

Taraweh. Karibu na kwangu kuna misikiti miwili, mmoja rakaa 20, mwingine 8. Kumi la kwanza mimi ni mtu wa 20. Ikifika siku ya 15 viatu vyangu vyenyewe vinageukia kwa wa 8.

Ustadhi wa Mtandao

Hayo ya 8 na 20 si ya kufanyiwa mzaha, na wote wana dalili zao. Ila ndugu mwanzisha uzi, kwa nini usitoke kazini saa 11? Kuna watu wanaifanya Ramadhani kama miezi mingine, halafu wanalalamika feri.

Mtongwe Juu

Ustadhi, ongea na bosi wangu, nitakupa namba. Na sijalalamika, nimeuliza adhana ilikukuta wapi.

Bi Kaimati

Mimi adhana hunikuta na upawa mkononi.

Nauza mbele ya nyumba, meza moja, jiko mbili. Kaimati, bajia, katlesi, viazi karai, na Ijumaa natia mkate wa sinia. Kazi inaanza saa 7 mchana kwa kuumua unga, na kuanzia saa 10 mimi niko mbele ya karai, kaskazi hii, jua hili, jasho linaingia machoni. Mnajua kukaanga kitu ambacho huwezi kukionja? Chumvi naiona kwa rangi na kwa harufu. Najua wanavyuoni wameruhusu kuonja kwa ncha ya ulimi ukatema, lakini mimi moyo hautaki, na ulimi wangu siuamini saa 11 jioni. Siku moja nilitia sukari mara mbili kwenye shira, watu wakanisifu.

Wateja wengi huja dakika 10 za mwisho. Wote. Utadhani wameambizana. Adhana inapopigwa, mwenye kupakiwa anaondoka mbio, mwingine amesimama ananyoosha mia, na mimi siwezi kuacha mafuta motoni. Namwambia kijana wangu anitilie tende kinywani kama mtoto mchanga, huku nageuza. Maji nayanywa saa 1 kasorobo. Nakaa chini saa 1 na robo, na kilichobaki kwenye sinia ndicho tunachokula: mara katlesi 2, mara bajia za mafuta ya mwisho, nyeusi. Watu wa mtaa mzima wamefungulia chakula changu, na mimi mwenyewe sijawahi kuipata kaimati yangu ya moto tangu mwezi uandame.

Silalamiki pia, Ustadhi usije. Mwenye kumfuturisha aliyefunga anapata mfano wa ujira wake, na yule hapunguziwi kitu. Sasa sijui kama inahesabiwa pia ukiwa umemuuzia. Mwenye elimu anijibu.

Ustadhi wa Mtandao

Bi, biashara ya halali ni ibada ukinuia. Na ukiongeza moja juu ya kumi, hiyo moja ni sadaka.

Bi Kaimati

Naongeza mbili siku zote. Sema tu watu hawahesabu.

Jirani wa Majengo

Mimi si Muislamu, nimetoka Machakos, nina miaka 6 Majengo katika nyumba ya vyumba vya kupanga. Mtaniruhusu.

Mwaka wa kwanza sikujua kitu. Siku ya pili ya mwezi, adhana imelia tu, mlango ukagongwa. Mtoto wa mama mwenye nyumba, sahani imefunikwa kwa kawa, ndani mbaazi za nazi na mahamri 4. Nikala, nikaosha sahani, nikairudisha. Kesho yake sahani ikaja tena. Siku ya tatu jirani wa chumba cha pili akaniita kando, akaniambia kwa upole: ndugu yangu, hapa sahani hairudi tupu. Nikashikwa na hofu kubwa. Mimi naweza kupika nini cha kuwapa watu hawa wanaotia nazi mpaka kwenye muhogo? Nikapika nilichokijua, muthokoi, mahindi yaliyotwangwa na maharagwe. Nikapeleka saa 12 na nusu.

Mama aliifunua, akaitazama kwa muda mrefu. Akaniuliza kama mahindi yameiva. Basi, miaka 6 sasa, kila Ramadhani Jumapili moja lazima muthokoi wangu uwe kwenye mkeka wao, na yeye huutilia tui la nazi nikigeuka. Najua. Nauonja.

Kwa hiyo adhana hunikuta nimekaa mlangoni naingoja kama nyinyi. Chakula cha mchana nakula kazini nimejificha nyuma ya mlango, hakuna aliyenikataza, naona vibaya tu.

Fundi Simu

Anautilia tui 😂😂 huyo mama ni wetu kabisa.

Nesi Zamu ya Mchana

Wodi ya wazazi, sitaitaja hospitali. Zamu yangu inaisha saa 1 kasorobo lakini mtoto hajui zamu. Mwaka juzi, kumi la mwisho, mama anajifungua na adhana inasikika dirishani. Mikono yangu yote miwili ina kazi. Mtoto akatoka salama, wa kike, akalia vizuri. Nimemaliza kila kitu, nimenawa, saa 1 na dakika 10, midomo imekauka.

Bibi yake mtoto alikuwa nje na tende kwenye kitambaa, ya kumpaka mtoto ufizini. Nikamruhusu akaingia. Akatafuna kipande kidogo, akampaka mjukuu wake, akanitazama. "Na we umefungua?" Nikamwambia bado. Ile nusu iliyobaki akanipa. Mimi na yule mtoto tumefungulia tende moja, yeye kitu chake cha kwanza duniani, mimi cha kwanza tangu saa 11 alfajiri.

Kama mtu wa tiba sipendi sana hiyo habari ya kutafuniwa mtoto mchanga kitu. Nilinyamaza. Ilikuwa saa hiyo.

Mtongwe Juu

Dada Nesi, hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Na nusu tende tena!

Marikiti Ndani

Sijui kama hii ni mahali pake. Adhana iliyonikuta mimi ilikuwa ya Adhuhuri.

Ni mtu wa sukari, mwaka wa 5 sasa. Miaka miwili ya kwanza nilifunga kwa ukaidi. Siku ya 12 ya mwaka wa pili nilianguka dukani, kati ya magunia ya bizari na mchele, nikaamkia hospitali na daktari, Muislamu mwenzetu, ananikaripia kama mtoto. Aliniambia: ruhusa ni ya Mola, wewe ni nani unairudisha?

Basi sifungi. Kila siku namlisha maskini mmoja, fidia yangu naitoa mwanzo wa mwezi ili isinisumbue. Lakini kula! Hapo ndipo pana kazi. Sindano yangu inataka chakula kwa wakati wake. Naingia stoo nyuma ya magunia, nazima taa, nakula muhogo wangu na maharagwe kwa harufu ya karafuu, nasikiliza hatua za watu nje kama mwizi. Kijana wangu wa dukani anafunga. Wanangu wanafunga, mdogo ana miaka 8 na ameshafunga 6 kamili. Jioni nakaa nao mkekani, nangoja adhana, naleta dua kama aliyefunga. Hawajui. Mke wangu tu ndiye anayejua.

Wapo watakaosema kobe huyo, mla mchana kwa kujificha. Semeni.

Binti Kisauni

Kakangu, hakuna wa kukusema hapa. Na karibu chamani, maana sisi wanawake tuko huko kila mwezi tangu tuko wasichana. Hedhi ikija tumekatazwa kufunga, si hiari, lakini mwenye kaka wanne nyumbani atakula wapi? Mimi nimekula chapati kavu bafuni, mfereji nimeufungulia ili nisisikike nikitafuna. Mamangu aliniwekea sahani chini ya kitanda chake na hakunena neno, nami sikunena. Kisha jioni kakangu ananiuliza "leo saumu haikukamata?" Nasema imenikamata kweli.

Siku zile tunazilipa baadaye, moja moja, Shaaban inakimbia, na hakuna ngoma ya daku wala kaimati. Kulipa ndiko kufunga kwenyewe, niamini.

Ustadhi wa Mtandao

Marikiti Ndani, aya ya 184 na 185 ya Suratul Baqara zinakutosha. Mgonjwa na msafiri wametajwa hapo hapo inapotajwa saumu, hawakuachwa waje kuulizwa baadaye. Mwenye ugonjwa usiotarajiwa kupona analisha. Lakini nakushauri umwambie yule wa miaka 8. Atakuja kujua, na bora ajue kwako kuliko akukute stoo.

(Na samahani ya feri, mwanzisha uzi. Niliandika nikiwa na njaa.)

Marikiti Ndani

Nitalifikiri. Ahsante maalim.

Mzee wa Kibokoni

Mmesema hamtaki ya nyumbani. Mtanivumilia, yangu ni ya nyumbani.

Mwaka 2020 misikiti ilikuwa imefungwa, na kafyu saa 1 jioni, yaani adhana ikipigwa una nusu saa na ushei uwe ndani. Kisha mwezi wa Mei, Ramadhani iko katikati, serikali ikatufungia Mji wa Kale: hakuna kuingia, hakuna kutoka. Polisi vichochoroni. Mimi nimezaliwa hapa na sijapata kuona kichochoro cha kwetu kitupu saa 12 na nusu. Wakati huo ndio wa watoto kupishana na masinia, shurba inakwenda huku, tambi zinakuja huku.

Nyumba zetu mnazijua, ukinyoosha mkono dirishani unamsalimia jirani. Bibi yangu hakuweza kuvumilia. Siku ya pili akafunga kikapu kamba, akakiteremsha kutoka roshani kwa jirani wa chini: vibibi, na uji wa mchele kwenye chupa ya chai. Kamba ikavutwa mara mbili, kikapu kikapanda na ndizi mbivu za nazi. Mpaka Idi kikapu kile hakikupumzika. Taraweh nikaiswalisha sebuleni, maamuma wangu wajukuu 5, mmoja analala kwenye sijida kila siku.

Nilikuwa nimezoea safu ya kwanza miaka 40. Kwa hivyo adhana ilinikuta mahali nisipopazoea: kwangu.

Jambo jingine, nyinyi vijana mnaosema mwaka huu jua kali. Mwezi huu hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2016 tulianza Juni, kusi linavuma, mtu anafunga na shuka. Sasa umetua kwenye kaskazi lenyewe, Februari na Machi. Mtapumua utakapozidi kurudi nyuma. Na 2030 mtafunga mara mbili: mwezi utaandama Januari, kisha utaandama tena mwisho wa Desemba.

Fundi Simu

Mara mbili mwaka mmoja na viatu vyangu hivi?

Mvita Ughaibuni

Mzee, hiyo 2016 ya kusi mimi nilikuwa London. Jua linazama saa 3 na dakika 20 usiku. Hapo kwenu saumu ni saa 13 na kidogo mwaka mzima, msiwe mnaringa na njaa. Adhana yenyewe ilikuwa ya simu, imelia kwenye basi, nikaizima haraka kwa aibu, nikala tende mfukoni bila kuitoa. Ningeipata ile feri yenu ningelia.

kaka wa miezi miwili

Sisi adhana hutukuta pamoja ila mwezi mbalimbali. Baba anamngoja Kadhi Mkuu, mimi nikafuata tangazo la Saudia. Nyumba moja, mkeka mmoja, yeye leo ni wa 8 na mimi ni wa 9. Mamangu hupika biriani ya Idi siku ya katikati ili asimuudhi mtu.

Mtongwe Juu

Tafadhali huo mjadala una uzi wake, na haujawahi kuisha.

tuktuk ya njano

Mwanzisha uzi, yule mama wa samaki hukumwona tena?

Mtongwe Juu

Leo nimenunua tende pakiti nzima hapo Mwembe Tayari, nimekaa upande ule ule wa feri, tena nimewahi feri ya mapema makusudi nikaiacha nipande ile ya jana. Mama hayupo. Adhana ikapigwa tukiwa bado gatini, hatujaondoka. Nikafungua pakiti nikaanza kugawa, na yakhe, kila ninayemnyooshea ananionyesha yake. Wote wana zao! Wawili wakanipa wao. Mwisho akaichukua mhubiri wa feri, yule mwenye spika, akala tatu, akaniambia ziko laini, akaendelea kuhubiri.

Zimebaki nyingi. Kesho nazibeba tena.

Bi Kaimati

We si unapita kwangu ukitoka gatini? Niko mkono wa kushoto, mlima ukiisha. Zilete hizo tende nikutilie kaimati za moto.

Mtongwe Juu

Kumbe ni wewe wa hapo! Niwekee za mia. Feri ikichelewa usiuze.

Bi Kaimati

Nakuwekea mpaka saa 1 na robo. Ikipita hapo nazila mwenyewe.